Mazungumzo ya Nyumbani: Kaburi Likiisha Kufukiwa



Kila nyumba iliyo na mtoto mjini yaijua safari hii. Simu yalia usiku, mtu ataja jina la marehemu, kisha hapana maneno. Kukipambazuka nguo mbili tatu zatiwa mkobani, ruhusa yaombwa kazini, nauli yakopwa kwa jirani; na jioni mtu yumo katika nyumba alimokulia, amekalia kigoda cha utoto wake, haoni pa kuweka magoti. Juu ya sala za mazishi na juu ya kuwafariji wafiwa tumekwisha nena mara nyingi katika ukurasa huu, wala sitarudia. Mwezi huu nataka kunena habari za siku zinazofuata, kaburi likiisha kufukiwa na mahema yakiisha kung'olewa. Naona kwamba ndizo siku ambazo mtu aliyetoka mbali hutakiwa zaidi, na ndizo siku ambazo yeye hayupo, amekwisha panda basi.

Walimu wanaofundisha kitabu cha Mwanzo na wasome tena sura ya 50, wasiipite upesi. Yusufu alipouzwa alikuwa kijana wa miaka 17. Ukipiga hesabu ya miaka yake mpaka aliposimama mbele ya Farao, na ya shibe, na ya njaa, na ile miaka 17 aliyoishi Yakobo katika Misri, utaona kwamba aliporudi Kanaani kumzika babaye alikuwa mtu wa miaka 56 hivi, naye alikuwa mbali na nchi ya utoto wake kwa miaka karibu 40. Alirudi na magari na wapanda farasi na wakuu wa Misri, kama warudivyo wakubwa wetu na misafara yao. Wakaomboleza siku saba katika uwanja wa Atadi, hata wenyeji wakastaajabu.

Lakini tazama yafuatayo. Baba amekwisha zikwa, na ndugu waanza kuogopa. Wampelekea Yusufu habari kwamba marehemu, kabla hajafa, aliagiza wasamehewe. Tafuta katika sura zilizotangulia, hutaona mahali Yakobo alipoyasema hayo. Mimi sisemi kwamba walidanganya; nasema tu kwamba ye yote aliyekaa katika vikao vya ukoo ameyasikia maneno ya namna hiyo, marehemu alimwambia fulani peke yake, wakiwa wawili tu. Yusufu akalia, kisha akaahidi kuwalisha wao na watoto wao.

Na lile pango alimozikwa Yakobo halikuwa pango la kuokota. Ibrahimu alilinunua kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara, mbele ya mashahidi langoni mwa mji, pamoja na shamba lake na miti yote iliyosimama mipakani. Kaburi na mpaka vimekwenda pamoja tangu zamani.

Kwetu Uchagani jambo hili halihitaji kuelezwa, kwa kuwa twazika kihambani, chini ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Wazee wa kale walizika mtu mzima ndani ya nyumba yake. Hata baada ya muda wakaifukua mifupa na kuiweka penye masale. Desturi hiyo imekwisha, lakini masale yangalipo. Wasomaji wa pwani hawaujui mmea huu: una majani marefu ya kijani, nao huota upesi ukichomekwa ardhini. Isale huonyesha mpaka wa kihamba. Isale hupandwa makaburini. Tena mtu aliyemkosea mwenziwe akimpelekea jani la isale kuomba radhi, ni vigumu sana kumkatalia. Mmea mmoja una kazi tatu, nami sidhani wazee waliuchagua kwa bahati tu.

Basi mwaka huu baba yangu mdogo alifariki. Nilitoka Tanga alfajiri, nikapita Korogwe, na Mombo, na Same, nikashuka Himo, nikapanda gari dogo la kwenda Mwika. Njia niliyoiona ndefu nilipokuwa nikienda shule sasa yamalizika kabla mtu hajamaliza salamu zake. Mfereji tuliokuwa tukiogelea ulikuwa na majani makavu. Mikahawa, ile iliyowapa wazee wetu ada za shule, na kuwatia nguvu hata wakawa na chama chao cha KNCU mwaka 1933, nimeiona michache, tena imezeeka. Watu ni wengi na vihamba ni vidogo. Shamba la babu mmoja limegawanywa mara tatu, na kipande kilichobaki chahesabiwa kwa migomba. Nasema haya ili msomaji asidhani kwamba wanaogombea ardhi ni watu wabaya tu. Wengi wao wana watoto wasio na mahali pa kujenga.

Maziko yalikuwa mema. Juu ya sare za msiba, na vipaza sauti, na wapiga picha waliosimama juu ya udongo wa kaburi ili wapate picha nzuri, sitasema neno, maana naweza kusema mengi. Siku ya pili magari yaliondoka, moja baada ya moja. Siku ya tatu, baada ya kuondoa matanga, ukoo ukakaa.

Marehemu ameacha mjane na binti watatu, hakuacha mtoto wa kiume. Mzee mmoja akaanza kwa upole. Akasema kihamba ni cha ukoo, na mama atakaa humo mpaka afe, hapana mtu atakayemfukuza. Ila jina liandikwe la mwanamume. Mwingine akasema marehemu alimnong'oneza jambo hilo hilo hospitalini. Kisha wote wakanitazama. "Mwanetu," akasema yule wa kwanza, "wewe ndiwe mtoto wa ndugu yake. Nani mwingine?"

Nami nina watoto wanne, na nyumba niishiyo si yangu. Sitaki msomaji afikiri kwamba neno lile lilipita masikioni mwangu kama upepo.

Nikawauliza wazee, je, mama mdogo ameitwa? Hakuitwa. Alikuwa jikoni, na binti zake walikuwa wakituletea chai. Nikaomba aitwe. Alipokuja hakuketi. Akasema kwamba, kama wakubwa waona vema, angependa kwanza kuwaonyesha mipaka, kwa kuwa vijana wengi pale hawaijui. Basi tukaondoka sote, wazee na fimbo zao, tukamfuata kati ya migomba. Akaenda isale kwa isale. Hili lilipandwa siku fulani, na fulani alikuwapo. Hili lilikufa wakati wa ukame, tukachomeka jingine, jirani akiwa shahidi. Hapa pana jiwe chini ya udongo. Akapiga kwa jembe, jiwe likalia. Alikuwa amekilima kihamba kile zaidi ya miaka 30, na miongoni mwetu sisi wanaume tuliotaka kukigawa hapana hata mmoja aliyejua mahali pa lile jiwe.

Tuliporudi nikasema jina langu lisiandikwe. Nikawaeleza pia mambo ya serikali, nayo nayaandika hapa kwa ajili ya walimu, kwa sababu katika vikao vya namna hii mara nyingi mwalimu ndiye ashikaye kalamu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika 2001, yakubali mila katika mambo ya ardhi. Lakini mila yo yote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza ilikwisha amua, katika shauri la mwanamke wa Kihaya, kwamba mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama awezavyo mwanamume. Tena kikao cha ukoo hakigawi mirathi; chapendekeza msimamizi, kisha muhtasari wapelekwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Cheti cha ndoa nacho kisikosekane. Nimeona wajane waliofunga ndoa kanisani ambao cheti chao kilishikwa na shemeji "kwa usalama."

Ninyi mlio mbali, ombeni ruhusa ya juma zima, hata kama ni kwa kupunguza mchango wa jeneza. Siku ya tatu na ya nne fedha yenu haisaidii kitu kama masikio yenu hayapo. Na mkifika, msiseme kwanza. Waliobaki nyumbani wamemwuguza marehemu, wamembeba, wamemfulia. Mtu ashukaye garini na kuanza kuamuru hupoteza haki ya kusikilizwa wakati neno lake litakapotakiwa.

Tukapendekeza binti wa kwanza awe msimamizi, pamoja na mama yake. Wazee sita wakatia sahihi. Wawili walisema watafikiri, na mmoja wao ni yule aliyesikia mnong'ono wa hospitalini; nao ni wazee wangu, walionibeba mgongoni, nami niliagana nao kwa heshima zote. Kikao kitakaa tena Desemba, watu wa mjini watakapopanda mlimani kama kawaida. Muhtasari umo katika kabati la mama mdogo, chini ya nguo, na mahali pawili pa sahihi pangali patupu.