Si Kila Kuchoka ni Uzee

Twasikia majumbani mwetu ikisemwa, "Babu achoka kwa sababu ya uzee." Mzee hutweta akipanda ngazi, husimama mara mbili njiani aendapo msikitini, nasi humletea kiti tukadhani tumetimiza haki yake. Yatupasa tujue kwamba huenda ni maradhi, na maradhi hayo yana tiba.

Moyo una vilango vinne. Kimoja kipo pale damu itokapo kuingia mshipa mkubwa uitwao aota. Kwa mwenye afya, upana wake hupata sentimita mraba 3 hadi 4. Kwa baadhi ya wazee hushikwa na chokaa mwaka baada ya mwaka, na kikipungua chini ya 1 huwa kimebana sana. Hapo pumzi hukatika, kifua hubana, au mtu huzimia akijikaza kwa kazi. Hapana dawa ya kumeza iwezayo kukifungua.

Tangu miaka ya 1960 matabibu walipasua kifua wakatia kilango kingine, lakini wadhaifu wengi hawakuweza kupasuliwa. Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Daktari Alain Cribier alimtia kilango kipya mgonjwa wa miaka 57 aliyekataliwa na wapasuaji. Alikipitisha katika mshipa wa paja, bila ya kupasua kifua. Uchunguzi uitwao PARTNER, uliotangazwa 2010, ulionyesha kuwa miongoni mwa wasioweza kupasuliwa, walikufa katika mwaka mmoja kama 31 kwa kila 100 waliotiwa kilango hicho, na kama 51 kwa kila 100 ambao hawakutiwa.

Lakini tiba hii yamfaa aliyewahi. Dalili zikishatokea na kilango kimebana sana, wengi wasiotibiwa hawapiti miaka miwili au mitatu. Na njia ni ndefu: daktari asikilize mvumo kifuani, moyo upimwe kwa mawimbi ya sauti, kisha bingwa wa moyo na mpasuaji washauriane. Kila hatua ikicheleweshwa, umri wa mgonjwa ndio upunguao.

Basi enyi vijana, njia hiyo huanzia kwenu. Andikeni siku dalili ilipoanza, mfuatane na mzee hospitalini, muulize tarehe ya kipimo, wala msirudi nyumbani bila ya kuijua. Huo ni katika wema mlioamrishwa kwa wazazi wenu.