Kugeuka Njiani Si Aibu

Kila likizo ya Desemba inapokaribia, baadhi yetu huanza kupanga safari ya kupanda Mlima Hanang. Kutoka Singida mjini tunafuata barabara ya Babati hadi Katesh, na hapo mlima uko mbele ya macho, mita 3,420 juu ya usawa wa bahari. Tatizo ni kwamba likizo yetu huangukia kipindi cha mvua za msimu.

Mwaka mmoja tulipanda tukiwa wanane. Mvua ilitukuta msituni, kabla hatujafika kwenye mgongo mwembamba unaoelekea kileleni. Mwenzetu mmoja alikuwa amevaa fulana ya pamba na sweta zito, vyote vimelowa. Alianza kutetemeka, kisha akawa anajibu maswali ovyo. Mzee aliyetuongoza alimtazama, akasema, "Wanangu, mlima hauhami. Tushuke." Wawili kati yetu walinung'unika. Mmoja alisema tumtolee Mungu mateso hayo kama sadaka, tusonge mbele.

Tulishuka. Na tangu siku ile tumelitafakari neno hilo "sadaka", kwa sababu tunalisikia mara nyingi mno linapotumika kufunika uzembe.

Mtu hutoa sadaka kilicho chake. Baridi ya mwenzako si yako. Huwezi kuitoa kwa niaba yake. Kila tunapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Nguo ya pamba ikilowa hushika maji, na upepo ukivuma huondoa joto la mwili haraka. Mtu akianza kuchanganyikiwa, hali imekwisha kuwa ya hatari, na yeye mwenyewe hawezi tena kuamua vizuri. Walio wazima ndio wanaopaswa kuamua kwa ajili yake.

Mvua ya Hanang si ya kufanyiwa mzaha. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Wale hawakuwa wapanda milima. Walikuwa nyumbani kwao, na hawakupata nafasi ya kuchagua. Sisi tunayo nafasi hiyo, na kuichezea ni kukosa heshima kwa marehemu wale.

Hatusemi vijana wa seminari na wa parokia wasipande milima. Safari ya namna hii hutufundisha kubeba mzigo na kungojana. Tunasema safari ipangwe Juni au Julai, wakati wa kiangazi. Anayelazimika kwenda wakati wa mvua abebe koti la mvua na nguo kavu zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na amsikilize mwenyeji. Tena kikundi kikubaliane kabla ya kuondoka kwamba mmoja akishindwa, wote wanageuka, bila lawama.

Siku moja baadhi yetu tutakabidhiwa parokia. Huko nako kutakuwa na wanaochoka njiani. Kama hatukujifunza mlimani kutembea kwa mwendo wa aliye dhaifu, tutajifunzia wapi?