CHUMBA KIPYA, WAYA WA TAA

Ndugu Wafanyi Kazi,

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu twalala chini yake kila usiku bila kulitazama. Mwenye nyumba aona watu wanatafuta pa kulala. Basi aongeza chumba nyuma, mabati juu, dirisha moja, na kodi yaanza. Nendeni Buru Buru au Umoja, Nairobi, mtaona nyumba iliyojengwa kwa jamaa moja imeongezwa vyumba mbele na nyuma. Kuongeza chumba si kosa. Lakini ulizeni: stima ya chumba hicho yatoka wapi?

Mara nyingi yatoka katika taa ya chumba cha zamani! Waya mwembamba wa kuning'iniza balbu umevutwa juu ya dari, ukapitishwa tundu la ukutani, na mwisho wake pamefungwa taa moja na soketi moja. Waya wa ardhi hakuna. Mpangaji akiuliza, aambiwa, "Mbona inawaka?"

Sisi twajibu kwa hesabu. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Pasi ya wati 1,000 yavuta amperi 4 na zaidi. Birika la stima la wati 2,000 lavuta amperi 8 na zaidi. Jumla ni 12 na zaidi. Waya ule wa milimita mraba 0.5 ni wa amperi 3 tu! Fyuzi ya taa, ya amperi 5, ingekatika, na kukatika ndiyo kazi yake. Lakini mwenye nyumba amechoka kubadili fyuzi, akatia kipande cha waya mnene. Sasa fyuzi haikatiki tena. Kinachoungua ni waya wenyewe, ndani ya dari ya mbao, juu ya vichwa vya watoto wenu.

Kazi ya haki yajulikana. Soketi zipate waya wao wa milimita mraba 2.5 kutoka kwenye bodi ya fyuzi, na fyuzi yao wenyewe. Taa zipate wa kwao, wa 1 au 1.5. Waya wa ardhi ufike kila soketi, ili pasi ikiharibika isimwue mama anayeishika. Tena pawe na swichi ya kinga inayokata kwa miliamperi 30.

Wasema fundi mwenye leseni ni ghali. Ghali kwa nani? Waya hununuliwa mara moja. Kodi hulipwa kila mwezi.

Nanyi mafundi wa stima, ndugu zetu, msikubali neno "ongeza tu hapo." Mkono unaounga waya ule ni wa mfanyi kazi, na anayeungua ni mfanyi kazi.

Basi tufanye hivi. Wapangaji waende pamoja, si mmoja mmoja, wadai fundi mwenye leseni ya EPRA na cheti cha kupima kazi yake. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka tajiri atoe nyumba ifaayo au pesa za kutosha kodi. Wajumbe wa chama wakague nyumba za kampuni, maana nyumba yenye waya kama huo haifai.

Kodi twalipa kwa shilingi nzima. Nasi tupewe waya mzima.

Mwandishi Wenu