Tuandike Kabla ya Kubomoa: Ilani ya Luofu

Sisi wakaaji wa Luofu, vijana kwa wazee wa shefferi ya Batangi, leo tunaanzisha harakati ya kulinda majengo na njia za kale za teritware ya Lubero, Kongo.

Aprili 2009 waasi wa FDLR walichoma nyumba hapa usiku, watoto wakateketea ndani. Watu waliezeka upya, na ndivyo ilivyopasa: mtu hupata kwanza pa kulala. Lakini mitaa ile ya kabla ya moto, nani ana picha yake? Imebaki vichwani mwa wazee, na kwa kila matanga inapungua.

Wanaodhani urithi ni anasa ya matajiri watazame New York. Kituo cha treni cha Pennsylvania, kilichofunguliwa 1910, kilianza kubomolewa 1963. Hasira ya wakaaji ikasaidia kuzaa sheria ya 1965 ya kulinda majengo ya kale. Kituo kilikuwa kimekwenda. Kile cha Grand Central kikapona.

Sisi sheria tunayo: Namba 71-016 ya 15 Machi 1971, juu ya mali za utamaduni. Tunataka ifike hadi huku milimani.

Na tusihesabu misioni peke yake kuwa urithi. Mapadri Waasumpsio walifika nchi ya Beni na Lubero 1929, na matofali ya wakati wao tunayaheshimu. Ila Barabara ya Kitaifa namba 2 nayo ni kumbukumbu: kona za Kabasha, na pale inapovuka Ikweta kati ya Lubero na Butembo. Na chukudu je, baiskeli yetu ya mti ya kubebea mizigo? Goma imeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Vizuri, lakini sanamu haibebi viazi. Fundi anayechonga gurudumu la mti na kulivika mpira wa tairi kuukuu aandikwe angali hai, yeye na ufundi wake.

Tunadai jengo lolote la kabla ya Uhuru wa 1960 lipigwe picha, lipimwe na liandikwe daftarini kabla halijabomolewa. Bwami na teritware walitambue daftari hilo. Parokia zifungue makabati yao. Hatumzuii mtu kuziba paa linalovuja, wala hatuombi makumbusho ya kukatia tiketi.

Nawe uliye na picha ya zamani sandukuni, ilete siku ya salongo, kazi yetu ya pamoja. Tutainakili mbele yako na utarudi nayo nyumbani.