Ndege iliyoikosa Mwanza, na bomba la mafuta linalopita kwetu

Dizeli ikikosekana Mwakitolyo, kazi inasimama. Pampu haivuti maji duarani, karasha halisagi mawe, na anayetegemea kibarua cha siku analala bila kitu. Nchi nazo ziko hivyohivyo: jeshi lisilo na mafuta haliendi mbali. Ndiyo maana wakati wa vita maghala ya mafuta huwindwa kama wanavyowindwa askari. Kanda ya Ziwa ilionja jambo hilo miaka zaidi ya 40 iliyopita.

Shambulio la Machi 1979

Vita vya Kagera vilianza Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Tanzania. Kufikia Machi 1979 mambo yalikuwa yamegeuka, na Tanzania ilikuwa ndani ya Uganda ikielekea Kampala. Muammar Gaddafi wa Libya, rafiki wa Amin, alimpa Mwalimu Nyerere saa 24 za kuondoa majeshi yake. Mwalimu hakuyaondoa.

Tarehe 29 Machi, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikuja kulipiga ghala la mafuta la Mwanza. Ililikosa. Shambulio liliangukia kisiwa cha Saanane, jirani kabisa na mji, na kuua swala waliokuwa wakitunzwa pale. Siku 13 baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka.

Kwa nini ilikosa?

Tu-22 haikuwa ndege ya kubahatisha. Ilitengenezwa Umoja wa Kisovieti na kuruka mara ya kwanza mwaka 1958. Ilikuwa na injini mbili zilizowekwa juu ya mkia, watu watatu ndani, na kasi ya karibu kilomita 1,500 kwa saa. Ilibuniwa kupenya haraka kabla adui hajajipanga, na kupiga shabaha kubwa kama bandari au mji mzima.

Lakini kasi ina gharama yake. Rubani alikuwa na nafasi ndogo ya kuona nje, na kuishusha ndege uwanjani kulikuwa kugumu. Matangi machache ya mafuta kando ya ziwa ni shabaha ndogo kwa chombo cha namna hiyo. Waliobeba mzigo wa kosa hilo wangeweza kuwa watu wa Mwanza. Bahati ikawaangukia swala.

Wazo la ndege ya injini mbili ya kubeba mabomu lilikuwa la zamani. Mfano unaojulikana sana ni Heinkel He 111 ya Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, huohuo ulioinyang'anya Ujerumani makoloni yake, Tanganyika ikiwemo, uliikataza pia kuwa na jeshi la anga. Kwa hiyo He 111 iliporuka mwaka 1935, ilionyeshwa kwa watu kama ndege ya abiria. Mwaka 1937 ilikuwa miongoni mwa ndege zilizoupiga mji wa Guernica nchini Hispania, na watu wa kawaida wakafa. Umbo la abiria lilificha kazi ya bomu.

Kilichobadilika

Mei 2025, maghala ya mafuta ya Port Sudan yaliwaka moto baada ya kushambuliwa kwa droni, yaani ndege zisizo na rubani. Mji huo ulikuwa mamia ya kilomita kutoka uwanja wa mapigano, na watu wengi walikuwa wamekimbilia huko wakiamini ni salama. Jeshi la Sudan liliwalaumu wapiganaji wa RSF.

Linganisha na Mwanza. Mwaka 1979 ilihitajika ndege kubwa, marubani waliofunzwa kwa miaka na serikali tajiri kuilipia, na bado ghala lilikoswa. Leo chombo kidogo kisicho na mtu ndani kinaweza kulifikia. Umbali uliokuwa ngao yetu umepungua nguvu.

Hili linatuhusu vipi?

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na linapita katika mikoa minane ya Tanzania, ikiwemo Geita na Shinyanga. Halitatupa dizeli ya pampu moja kwa moja, kwa kuwa mafuta ghafi yanahitaji kusafishwa kwanza. Lakini limebadilisha hesabu ya usalama. Mwaka 1979, mshirika wa mtawala wa Uganda alituma ndege kuchoma mafuta ya Tanzania. Leo mafuta ya Uganda yanategemea ardhi ya Tanzania ili yafike baharini, na kila upande utaumia yakiguswa.

Hakuna mtutu unaoweza kulinda kila mita ya kilomita 1,443. Ulinzi wa mitambo unahitajika, na kutunza akiba ya mafuta sehemu nyingi badala ya moja ni busara. Lakini ngao kubwa ni majirani wasiokuwa na sababu ya kupigana, pamoja na wanavijiji wa njiani waliolipwa haki yao na wanaoliona bomba kuwa ni lao pia. Hilo la pili halihitaji rada. Linahitaji viongozi wafike kijijini, wasikilize, na watimize walichoahidi.