Hita ya Maji Inapogoma



Msimu wa baridi umeingia, na sisi tunaoishi nyanda za juu, hapa Iringa, tunaujua uzito wa maji ya alfajiri. Hivi karibuni hita ya nyumbani kwetu iliacha kutoa maji ya moto. Sisi vijana wa nyumba, tuliozoea kutawadha msikitini, tulilichukulia kuwa ni jambo la kungoja. Siku ya tatu tukamsikia mama yetu mzazi akikohoa. Kumbe kila alfajiri alikuwa akitawadha kwa maji ya baridi. Tulipomuuliza mbona hakutuamsha tumpashie maji, akajibu: "Mlikuwa mmelala, wanangu." Jibu hilo lilitutia haya, na ndilo lililotusukuma kuandika makala hii.

Jambo la kwanza, basi, hata kabla ya kumtafuta fundi, ni kumpashia maji jikoni mwenye kuyahitaji. Amr bin al-Aas (r.a.) alitayamamu usiku wa baridi kali katika msafara wa Dhaatis-Salaasil, mwaka wa 8 Hijria, akatoa hoja kwa aya ya 29 ya Suratun-Nisaa, inayokataza watu kuziua nafsi zao. Mtume (s.a.w.) alicheka wala hakumkemea. Lakini mafakihi wamebainisha kuwa ruhusa hiyo ni ya anayehofia madhara na hana njia ya kuyapasha maji. Nyumba yenye jiko na sufuria haina udhuru huo.

Ama hita yenyewe, tuanze na yaliyo mepesi. Je, uniti za LUKU zipo? Swichi ya hita imewashwa? Je, imepewa muda? Tangi la lita 50 lenye elementi ya wati 1,500 huhitaji takriban saa moja na nusu kuyatoa maji nyuzi 20 na kuyafikisha nyuzi 60. Wakioga watu watatu mfululizo, wa nne asiseme hita imeharibika. Kisha tufungue bomba la maji ya moto. Ikiwa hayatoki kabisa, tuizime hita mara moja, kwani elementi ikiwaka pasipo maji huungua.

Ikiwa umeme upo na maji yapo, lakini ni ya baridi, tutazame themostati. Nyingi zina kitufe cha usalama kinachoruka joto linapozidi. Hurudishwa kwa kubonyezwa, baada ya kuzima umeme kwenye swichi kuu. Kikiruka tena, ni kazi ya fundi. Naye ataipima elementi kwa mita: ile ya wati 1,500 iliyo nzima huonesha takriban omu 35, na iliyokatika haipitishi umeme kabisa. Maji yakichelewa kupata moto huku tangi likinguruma, aghalabu elementi imefunikwa na ukoko wa chokaa, kama ule wa ndani ya birika.

Kwetu sisi, breka ilianguka kila tulipoinyanyua. Maji ya mtaani yalikuwa yamekatika, vali ya kuyazuia yasirudi nyuma ilikuwa imechoka, tangi likakauka, nasi hatukuizima hita. Jamaa mmoja akatushauri tukate waya wa athi ili breka itulie. Ndugu msomaji, huo ni ushauri wa mauti. Elementi ilikuwa imepasuka na umeme unavuja hadi kwenye bati la tangi. Athi ndiyo iliyokuwa ikiupeleka umeme huo ardhini na kuifanya breka ianguke. Lau tungeikata, breka ingetulia, maji yangepata moto, na umeme ungebaki ukimngoja atakayeshika bomba akiwa amelowa. Katika nyumba yetu, wa kwanza kuamka ni mama.

Kwa hiyo, breka ikinyanyuliwa mara moja ikaanguka tena, iachwe chini na aitwe fundi wa umeme anayejulikana kwa kazi yake. Wetu alibadilisha elementi na vali, akaikagua athi, na kabla ya Adhuhuri kazi ilikuwa imekwisha. Siku tatu za uzembe wetu zilihitaji asubuhi moja tu.

Aya aliyoitolea hoja Amr bin al-Aas inatuhusu mara mbili: inatukataza kuihatarisha nafsi kwa baridi, na inatukataza kuihatarisha kwa waya uliokatwa. Nasi tumejiwekea ada ndogo tunayowausia wenzetu: kila usiku, kabla ya kulala, tumuulize mzee wa nyumba kama maji yake ya alfajiri ni ya moto. Tusingoje kikohozi kitujibu.

Wabillahi tawfiiq.