Kinywe Hakina Bei ya Siku

Mchenjuaji wa dhahabu wa Geita au Kahama anaijua kaboni vizuri. Ni zile chenga nyeusi, nyingi zikitokana na vifuu vya nazi, zinazonasa dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanaidi kutoka katika marudio. Dhahabu ikishatolewa humo hupelekwa sokoni. Geita ilifunguliwa soko lake la madini Machi 2019, na bei ya gramu hufuata bei ya dunia.

Sasa kaboni nyingine inawavutia wenye mitaji midogo: kinywe, ambacho hutengeneza anodi, yaani upande hasi wa betri za lithiamu. Mazungumzo ya betri si mageni Kahama, kwani Buzwagi, ambako uzalishaji wa dhahabu ulikoma 2021, ndiko kulikopangiwa kiwanda cha kusafisha nikeli ya Kabanga. Kinywe chenyewe kiko mbali, Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi.

Kuvutiwa si kosa. Kosa ni kukipigia kinywe hesabu za dhahabu. Hakina bei moja ya siku. Huuzwa kwa mikataba, na thamani yake hutegemea ukubwa wa chembe na usafi. Betri hudai usafi wa asilimia 99.95 hivi. Tena chembe sharti ziviringishwe na kupakwa utando mwembamba wa kaboni ili betri idumu, na katika kuviringisha huko nusu ya malighafi au zaidi huweza kupotea. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika China, ambayo Desemba 2023 ilianza kudai vibali vya kukisafirisha nje. Isitoshe, kipo kinywe cha kutengenezwa kiwandani kutokana na mabaki ya mafuta ya petroli, nacho kikishuka bei, cha ardhini huyumba.

Yaliyotokea Balama, Msumbiji, yanatosha kumzindua mtu. Mgodi huo wa Syrah Resources ya Australia ulianza kuzalisha 2017. Septemba 2019 kampuni ilitangaza kupunguza sana uzalishaji kwa sababu bei nchini China zilikuwa zimeanguka. Mwenye leseni ndogo, asiye na ghala wala mnunuzi, angehimili vipi msukosuko kama huo?

Kwa hiyo anayeombwa mchango wa leseni ya kinywe hana budi kudai karatasi mbili kabla ya kutoa hata shilingi: majibu ya maabara kuhusu chembe na usafi, na mkataba wa mnunuzi. Zikikosekana, fedha ibaki kwenye marudio.